“Wewe unasema nini?”: kwa mwanafunzi aliyerudishiwa insha yake ya kwanza ya chuo

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni binti kutoka Kasulu, nasoma mwaka wa kwanza wa shahada ya ualimu hapa Tabora, na tupo wiki ya saba ya muhula. Kidato cha Sita nilifanya vizuri katika Historia na Jiografia, na insha zangu zilikuwa zikisomwa mbele ya darasa. Insha yangu ya kwanza ya chuo, iliyouliza kwa nini misitu inapungua katika Mkoa wa Tabora, imerudi na alama 9 kati ya 20, na pembeni mhadhiri ameandika maneno matatu tu: “Wewe unasema nini?” Niliiandika usiku mmoja, nikatoa hoja sita, kila moja na maelezo yake. Wenzangu wanasema tatizo ni Kiingereza. Nifanye nini ili niandike na kufikiri kama mtu wa chuo kabla muhula haujaisha? Na je, ninaweza kumwomba mhadhiri niiandike upya? Nimeambatanisha insha yenyewe.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Insha yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu mkononi, na nakuandikia kwa kirefu kwa sababu swali lako huulizwa na wengi kila mwaka, wakati kazi za kwanza zinaporudi na wanafunzi waliozoea kushika nafasi za juu katika shule zao wanajikuta wamekaa kimya chini ya mwembe, wakitazama alama ambazo hawajawahi kuziona tangu waanze darasa la kwanza. Wenzako wamekuambia tatizo ni Kiingereza. Kiingereza chako kina makosa, na nitakuja kulisema hilo, lakini mhadhiri wako hakuandika “sarufi”. Aliandika “Wewe unasema nini?”, na naamini alimaanisha hivyo hivyo alivyoandika: baada ya kusoma kurasa tano hakujua ni jambo gani hasa ambalo wewe ulitaka alikubali.

Sina budi kukiri sehemu yangu ya kosa. Kabla sijaanza kufundisha chuoni nilifundisha Historia katika sekondari, na uandishi wa insha niliufundisha kama nilivyofundishwa: utangulizi wenye fasili, hoja sita, kila hoja na aya yake na mfano wake, kisha hitimisho. Mtindo huo haukubuniwa na mjinga. Msahihishaji wa mtihani wa taifa ana rundo la karatasi mbele yake na mwongozo unaompa alama kwa kila hoja anayoiona, na mtahiniwa aliyezipanga hoja zake waziwazi humrahisishia kazi, naye akapata haki yake. Kwa kazi ile mtindo ule ulikufaa, na ndio uliokufikisha hapo ulipo. Ila una kilema kimoja ambacho sikuwahi kuwaambia wanafunzi wangu, kwa kuwa sikukiona mimi mwenyewe mpaka miaka mingi baadaye: hautaki hoja moja ijue kwamba hoja nyingine ipo.

Ili nihakikishe kwamba sikuonei, niliipeleka insha yako steshenari ikachapwa, nikachukua mkasi nikazitenganisha aya zako sita, nikazichanganya mezani kama karata na kuzipanga upya bila kutazama. Hoja ya mifugo ikawa ya kwanza, ya tumbaku ikawa ya tano, ya mkaa ikafunga. Nikaisoma. Hakuna kilichoharibika isipokuwa maneno “kwanza”, “pili” na “tatu”. Nakuomba ulifanye jaribio hilo wewe mwenyewe kwa mikono yako, maana ukiambiwa tu hutalikumbuka kosa kama utakavyolikumbuka ukiliona juu ya meza. Insha iliyofikiriwa haikubali kuvurugwa hivyo, kwa sababu aya ya tatu inasimama juu ya jambo lililothibitishwa katika aya ya pili, na ukiiondoa mahali pake inaanguka.

Sasa tuingie msituni. Hoja zako ni tumbaku, mkaa, kilimo cha kuhamahama, mifugo, ongezeko la watu, na elimu duni. Nyingi kati ya hizo ni kweli, ukizichukua moja moja. Lakini hebu tuufuate mti mmoja. Mkulima anafyeka kipande kipya cha miyombo, msitu wetu wa asili, kwa ajili ya shamba la tumbaku, kwa kuwa shamba la zamani limechoka, na katika kufyeka anaangusha mti mkubwa wa mtundu. Tumbaku inayolimwa zaidi huku kwetu ni ile ya mvuke, ambayo majani yake hukaushwa ndani ya bani, yaani banda la kukaushia, kwa moto wa kuni unaochochewa usiku na mchana kwa muda wa kama wiki moja. Kwa hiyo sehemu ya mtundu ule inaweza kuishia katika tanuri la bani. Matawi na magogo yaliyobaki yanaweza kuchomwa mkaa, mkaa ukafungwa magunia na kuingia mjini alfajiri juu ya baiskeli. Tazama basi: mtundu ule mmoja umekatwa mara tatu katika insha yako, mara moja chini ya kilimo cha kuhamahama, mara moja chini ya tumbaku na mara moja chini ya mkaa, na wewe hukutambua kwamba ni mti uleule. Ulipoandika hoja tatu ulikuwa na mlolongo mmoja, na mlolongo huo, namna jambo moja linavyolizaa na kulilisha jingine, ndicho kitu ambacho mhadhiri wako alikuwa akikitafuta asikione.

Ukishauona mlolongo, unaweza kuthubutu kusema jambo. Tuseme unaandika hivi: misitu ya Tabora haipungui kwa sababu wakulima hawajui thamani ya mti, bali kwa sababu mti uliolala unamlipa mkulima msimu huu, na mti uliosimama haumlipi. Hilo ni dai. Si hoja ya kuhesabiwa kwenye vidole. Mtu anaweza kulipinga, na ndiyo dalili ya kwanza kwamba umesema kitu. Ukiandika “ukataji miti una sababu nyingi”, nani atakupinga?

Lakini usiishie hapo, maana mwandishi mchanga akishapata dai lake hulikumbatia kama mzazi aliyepata mtoto wa uzeeni. Dai ulitafutie adui. Adui wa dai hili yuko karibu sana nawe, anauzwa kwenye chupa kando ya barabara: asali. Tabora imejulikana kwa asali yake tangu enzi za mababu, na nyuki hawafugwi katika shamba la tumbaku, wanaitegemea miyombo inayochanua. Kwa mfuga nyuki wa Sikonge, mti uliosimama unalipa kila mwaka. Basi kama mti uliosimama unalipa, kwa nini asali haijautetea msitu? Hapo dai lako linatikisika, na kutikisika huko ndiko kufikiri kwenyewe. Labda utasema asali inalipa, lakini haimlipi mtu yuleyule anayemiliki shoka. Labda utasema msimu wa asali na msimu wa mahitaji ya ada havikutani. Labda utakumbuka jambo ambalo watu wa mjini hawalijui, kwamba mzinga wa asili wa huku kwetu hutengenezwa kwa gome lililobanduliwa kuuzunguka mti mzima, na mti uliobanduliwa hivyo hukauka ukiwa umesimama. Kwa hiyo hata yule tuliyemwita mlinzi wa msitu naye ana mti wake aliouua. Mimi sikuamulii lipi kati ya hayo ni jibu. Kazi hiyo ni yako, na itakulazimu utoke maktabani uzungumze na mfuga nyuki, au walau na mjomba wa mwenzako anayefuga nyuki. Ninachotaka uone ni kwamba kutoka kwenye hoja sita zilizolala tumefika kwenye swali moja lililo hai, na kurasa tano hazitalitosha.

Ile hoja yako ya sita naomba niisemee kwa ukali kidogo. “Elimu duni” ndiyo hoja ambayo kila mwanafunzi wa Tanzania huibakiza kwa ajili ya kujaza nafasi ya mwisho. Watu wanakata miti kwa elimu duni, watoto wanaugua kwa elimu duni, ndoa zinavunjika kwa elimu duni. Mzee anayebandua gome la mzinga anajua mti upi huchanua mwezi upi, upi hutoa asali nyeupe na upi hutoa asali nzito. Wewe na mimi hatujui. Kumwandikia kwamba anaharibu msitu kwa kukosa elimu, bila kumuuliza hata swali moja, ni uvivu tunaouvika joho. Kila unapojikuta unaandika maneno hayo mawili, simama, jiulize: ni jambo gani hasa ambalo mtu huyu halijui, na angelijua angefanya nini tofauti, na kwa fedha gani?

Na hapo tumeingia katika maneno. Sentensi ya kwanza ya insha yako, nikiirudisha katika Kiswahili, inasema: “Suala la ukataji wa miti ni suala ambalo limekuwa ni changamoto kubwa katika jamii zetu hususan katika Mkoa wa Tabora.” Nimeihesabu, ina maneno 20, na habari iliyomo ni kwamba miti inakatwa Tabora, jambo ambalo swali lilikuwa limekwisha kulisema. Neno “changamoto” sikuchukii kulitumia, lakini limekuwa kama kanga ya kuazima, linamfunika kila mtu na halimkai mtu yeyote. Kukosa fedha ni changamoto, kufiwa ni changamoto, barabara mbovu ni changamoto. Ukilifuta na kujilazimisha kutaja kitu chenyewe, ukasema gharama, au uhaba, au hofu, au sheria isiyosimamiwa, utagundua mara nyingi kwamba ulikuwa hujui ni kipi kati ya hivyo, na kwamba neno lile lilikuwa likikuficha usijione. Nimejaribu kuiandika upya sentensi yako hivi: “Mkulima wa tumbaku anayehitaji kuni za bani na mkazi wa mjini anayehitaji mkaa wa kupikia hawajuani, lakini wanakutana katika mti mmoja.” Sisemi ni sentensi bora kuliko zote, ila msomaji akiimaliza anataka kujua ya pili.

Kuhusu Kiingereza, nitasema wazi ninavyoona, nikijua wako wenzangu ambao hawatakubaliana nami. Umesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, sekondari kwa Kiingereza, na nyumbani, kwa kuwa unatoka Kasulu, nadhani mnaongea Kiha. Hizo ni lugha tatu, na hiyo ni mali. Tatizo ni kwamba umezoea kufikiri kwa lugha ambayo hujaizoea vya kutosha kubishania, ndiyo maana unakimbilia misemo uliyokwisha kuikariri, kwa kuwa ina uhakika wa kutokuwa na kosa la sarufi. Msemo wa kukariri hauwezi kubeba wazo jipya. Ushauri wangu ni kwamba rasimu ya kwanza uiandike kwa Kiswahili, kwa kasi, bila kuogopa, kana kwamba unamweleza dada yako kwa nini msitu unaisha. Na mahali ambapo Kiswahili kinakukwama, weka neno la Kiha. Ukishajua unachosema, funga daftari, kisha andika kwa Kiingereza upya kutoka kichwani, bila kutafsiri sentensi kwa sentensi, maana ukitafsiri utapata Kiingereza kinachochechemea. Utaona sentensi zako zinakuwa fupi zaidi na makosa yanapungua. Yatakayobaki yarekebishe kwa kamusi na kwa kumwomba mwenzako aliye hodari akusomee. Kazi inakuwa mara mbili, ni kweli. Muhula wa kwanza ndio wakati wa kuifanya. Ukifika mwaka wa tatu hutaihitaji tena kwa kila insha.

Hofu ya kwamba mtu wa kwetu hana la kusema mbele ya vitabu vya watu wakubwa ni ya zamani, nayo imeshajibiwa mara nyingi. Julius Nyerere, aliyesoma sekondari hapa Tabora kuanzia mwaka 1937 na baadaye kurudi kufundisha hapahapa kabla ya kwenda Edinburgh mwaka 1949, aliandika alipokuwa Makerere insha iliyochukua mawazo ya mwanafalsafa Mwingereza John Stuart Mill kuhusu kutawaliwa kwa wanawake na kuyatumia kuwatazama wanawake wa kabila lake mwenyewe. Insha hiyo ilishinda katika mashindano ya uandishi. Baba yake, Mtemi Burito, alikuwa na wake 22, na kijana huyo alikuwa ameona kwa macho yake jinsi kina mama wale walivyofanya kazi. Angalia alichofanya. Mwanafunzi mwingine angesimulia Mill kasema nini, akapata alama zake na kusahau. Yeye aliuleta mwanga wa mbali akaumulika uani kwao, akaona kitu ambacho Mill hangeweza kukiona na ambacho wazee wa kwao hawakuwa wamekiuliza. Kitabu kimempa swali, nyumbani kumempa ushahidi. Na wewe una nyumbani kwenu, tena unapita katika miyombo kila unapotoka Kasulu kuja chuoni.

Hivyo basi nikuonye kuhusu madesa, ile mihtasari ya masomo mnayopeana. Najua jinsi yanavyozunguka, najua bei yake pale steshenari, na siwezi kukukataza kuyasoma wakati wa mtihani. Lakini desa ni kitabu kilichotafunwa na mtu mwingine. Ladha amebaki nayo yeye. Kama mhadhiri ametaja makala tatu, soma moja kwa ukamilifu kuliko kusoma muhtasari wa zote tatu. Isome hivi: chukua daftari la kawaida, kila ukurasa upige mstari katikati kutoka juu mpaka chini. Kushoto andika anachosema mwandishi, kwa maneno yako, pamoja na namba ya ukurasa, maana bila namba hutaweza kurejea na utaishia kuonekana mwizi wa kazi za watu hali hukukusudia. Kulia andika unachomjibu: nakubali, sikubali, kwetu si hivyo, amejuaje, mbona amewasahau wafugaji. Mwanzoni upande wa kulia utabaki mweupe, ukurasa baada ya ukurasa, nawe utaona aibu. Usijaze kwa nguvu. Kufikia makala ya nne au ya tano utaanza kuandika kulia bila kujilazimisha, na siku utakayokuta upande wa kulia umejaa kuliko wa kushoto, hiyo ni insha imekwisha kuanza bila wewe kuketi kuiandika.

Jambo ninalotaka kulikazia zaidi ya yote ni kuandika upya, kwa sababu ndilo wanafunzi wa mwaka wa kwanza hawalifanyi kabisa. Uliniambia kwamba uliandika insha yako usiku mmoja, ukaikabidhi asubuhi. Ulikabidhi rasimu, mwanangu. Nikupe mfano wa jirani. Ukipata Jumapili moja nenda Kwihara, nje kidogo ya mji, kwenye tembe alimoishi David Livingstone mwaka 1872. Mwaka uliotangulia, akiwa Nyangwe kando ya mto Lualaba, Livingstone aliishiwa karatasi, akawa anaandika shajara yake juu ya kurasa za gazeti la zamani, akikatisha mistari iliyochapwa, kwa wino aliojitengenezea mwenyewe kutokana na mmea. Ndimo alimoandika, siku zilezile, habari za mauaji ya watu sokoni Nyangwe yaliyotokea tarehe 15 Julai 1871. Baadaye aliyanakili maandishi hayo kwa mkono safi katika daftari kubwa, ambalo mwandishi wa habari Henry Stanley alilichukua kutoka hapa Unyanyembe mwezi Machi 1872 na kulipeleka Uingereza. Kurasa za gazeti zilififia kiasi kwamba hazikusomeka, hadi watafiti walipozipiga picha kwa mianga ya rangi mbalimbali, na mwaka 2011 wakaweza kuonyesha maandishi yaliyokuwamo. Walipolinganisha, walikuta kwamba nakala safi si nakala tu. Yako aliyoyapanga vizuri zaidi, na yako aliyoyalainisha au kuyaacha, yakiwamo yaliyogusa mwenendo wa watu wa msafara wake mwenyewe.

Mfano huu naupenda kwa sababu una makali pande zote mbili. Unaonyesha kwamba mtu yuleyule, akirudia habari ileile baada ya miezi, hufikiri kwa mara ya pili: anajua sasa lipi lilikuwa kubwa na lipi lilikuwa kelele ya siku ile. Lakini unaonyesha pia kwamba mkono wa pili unaweza kusafisha mpaka ukafuta ukweli usiopendeza. Kwa hiyo unapoandika upya, rasimu ya kwanza usiitupe. Iweke pembeni uiulize maswali mawili, kwanza ni wapi nilikuwa sijaelewa, na pili ni wapi nilisema jambo kali na la kweli ambalo sasa naliogopa. Wanafunzi wengi huweka wazo lao bora katika rasimu ya kwanza, aghalabu katika sentensi ya mwisho kabisa walipokuwa wamechoka, kisha wanalifuta kwa sababu halifanani na vitabu. Katika insha yako nimelikuta: ukurasa wa tano, mstari wa tatu kutoka chini, umeandika kwamba bibi yako huko Kasulu anapikia mabua na hakati mti hata mmoja, na hakusoma. Sentensi hiyo ilikuwa inaipindua hoja yako ya sita yote. Ukaipita kana kwamba hukuiona.

Mambo mengine nitayapitia haraka. Kwenye diskasheni, usimpe mwenzako insha ukamuuliza “umeionaje?”, maana atakuambia nzuri. Mwambie aisome, aifunike, kisha akuambie kwa sentensi moja umesema nini. Akishindwa, au akasema kitu usichokusudia, kosa ni lako na umelipata bure kabla ya mhadhiri. Soma kazi yako kwa sauti, hata kama wenzako chumbani watacheka, kwa sababu sikio hukamata sentensi iliyopotea njia ambayo jicho limeisamehe. Na hizi programu za akili mnemba zilizo kwenye simu zenu, sitajifanya hazipo. Ukiwa umekwisha kuandika rasimu yako, ukaiuliza programu sarufi au maana ya neno, na chuo chako kinaruhusu, sioni ubaya. Ukiiomba ikuandikie rasimu ya kwanza, itakupa hoja sita safi kabisa zisizojuana, kwa Kiingereza cha kupendeza, na utakuwa umelipa kwa kitu ambacho ulikuja chuoni kukitafuta.

Kuhusu muda, usijidanganye kwamba wiki zilizobaki zitakugeuza. Katika muhula mmoja mtu hujifunza kuona makosa yake kabla hajajifunza kuyaepuka, na kipindi hicho cha katikati kinauma, kwa sababu kila unachoandika kitaonekana kibaya machoni pako kuliko zamani. Wengi hudhani wamerudi nyuma. Hawajarudi nyuma; macho yametangulia, mkono unafuata. Wala usitupe kabisa mtindo wako wa zamani, kwa sababu katika mtihani wa mwisho wa muhula, mwenye saa tatu na maswali manne mbele yake anahitaji mpangilio wa haraka. Tofauti itakuwa kwamba utatumia dakika kumi za mwanzo kuandika dai lako kwa sentensi moja juu ya karatasi, kisha kila hoja utakayoiweka utaiuliza inalisaidiaje dai lile, na isiyojibu utaiacha hata kama unaijua vizuri.

Umeuliza kama unaweza kumwomba mhadhiri uiandike upya. Ndiyo, mwombe. Huenda asibadilishe alama, maana kanuni za kozi zinaweza kumfunga, kwa hiyo usimwombe alama, mwombe aisome. Nenda saa zake za ofisi na si kumvizia mlangoni baada ya mhadhara, bisha hodi, msalimie, na usianze kwa kueleza ulivyokuwa ukifaulu Kidato cha Sita. Chukua insha ileile yenye wino mwekundu pamoja na ukurasa mmoja mpya, mmoja tu, ambao umejaribu kujibu maneno yake matatu. Kama nimekuelewa, ukurasa huo utaanza na bibi yako na mabua yake. Atakuuliza maswali, na mengine hutaweza kuyajibu. Yaandike mbele yake, kwenye daftari lile la mstari katikati, upande wa kulia.